Jibu: Seva ya dukani au klaudi, duka la jumla Moshi

Habari ndugu. Nimekuelewa: duka liko Moshi, tawi Arusha, seva (kompyuta kuu ya duka) imechoka, umeme unakatika ovyo, na hujui ununue nyingine au uhamie klaudi (kompyuta za kukodi kupitia intaneti).

Mimi ningegawa. Programu ya mauzo ya kaunta ibaki dukani, maana intaneti ikikata mteja hasubiri. Hesabu, barua pepe na bakapu (nakala za akiba) zipeleke klaudi.

Kabla hujalipa, pima kasi ya kupandisha data, siyo ya kushusha (inayotangazwa sana ni ya kushusha). Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde (Mbps 10), GB 200 za kumbukumbu zitachukua karibu saa 45 mfululizo. Chagua kituo cha data cha Johannesburg au Cape Town kuliko cha Marekani. Programu itajibu upesi. Bili nyingi huja kwa dola, kwa hiyo siku ya kwanza weka onyo la matumizi, yaani ujumbe wa kukujulisha gharama zikipanda.

Seva mpya iwe na diski mbili zinazonakiliana, pamoja na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Chomeka ule waya wa USB wa UPS, ambao wengi huuacha kwenye boksi, usakinishe na programu yake: ndiyo inayoizima seva taratibu kabla betri haijaisha. Bila hiyo, data inaweza kuharibika katikati ya kuandikwa. Diski mbili siyo bakapu. Ukifuta faili, linafutika kote. Kila mwezi jaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye bakapu.

Kama unatunza namba za NIDA na simu za wateja, muone mwanasheria kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.