Kufuatilia wamiliki wa dragsta ya zamani: soma vyuma kabla ya jina

Dragsta ya miaka ya 1960, yaani gari refu jembamba la mbio fupi za mstari ulionyooka, ikiingia sokoni Marekani, muuzaji huanza na jina. Fulani aliiendesha kwenye uwanja wa Lions, akashinda kwenye ule wa Pomona. Liweke jina pembeni kwanza. Jina huchorwa kwa brashi siku moja, na timu zilikuwa zikilihamisha kutoka gari hadi gari. Dereva Don Garlits aliyaita magari yake Swamp Rat kuanzia la kwanza la 1956 mpaka idadi ikapita 30. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni Swamp Rat", muulize ni ya ngapi, na ni alama gani kwenye vyuma inayoonyesha hivyo.

Sisi tumezoea kuomba kadi ya gari kabla ya kufungua pochi. Kwa dragsta haisaidii. Gari lililochomelewa gereji kwa ajili ya mbio za robo maili halikuwahi kuvaa namba za barabarani, hivyo lilipita mkono hadi mkono kwa hati ya mauziano ya nusu ukurasa, au kwa neno tu. Hata gari lililotoka kiwandani likiwa na karatasi zake lina kikwazo: sheria ya Marekani ya 1994 ya kulinda taarifa za madereva inazizuia ofisi za usajili kutoa majina ya wamiliki ovyo, na majimbo mengi yalishatupa mafaili ya zamani.

Mnyororo wa wamiliki hukatika zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sababu inajulikana. Tarehe 8 Machi 1970, giaboksi ya Garlits ilipasuka pale Lions, Long Beach, ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka 1971 akarudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mashindano ya Winternationals ya Pomona. Baada ya hapo dragsta zenye injini mbele zikakosa soko. Wenyewe waling'oa injini na kuipeleka kwenye gari jipya, chesisi ikauzwa tupu au ikatupwa nyuma ya banda. Injini unayoiona leo, hata kama ni Chrysler Hemi 392 safi ya 1957 au 1958, haikuambii lolote kuhusu mmiliki wa kwanza. Ilitafutwa baadaye.

Kinachobaki ni chesisi. Beba futi kamba, tochi, kioo kidogo cha mkononi, chaki na kamera. Pima kwanza umbali kati ya ekseli mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa karibu inchi 100. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ulipita 200. Wenye magari walikuwa wakiyarefusha kadiri mtindo ulivyobadilika, kwa hiyo kipimo kisicholingana na picha ya zamani si lazima kiwe uongo. Pitisha kidole chini ya mabomba makuu, hasa katikati. Ukigusa vivimbe vidogo vya mviringo vilivyopangana, hapo ndipo bomba lilikatwa, likaingizwa kipande cha ndani na kuchomelewa kupitia matundu. Andika umbali wa kila kiungo kutoka kwenye ekseli ya nyuma.

Kisha tafuta masikio ya injini, yaani vipande vya chuma vinavyoishikilia kwenye chesisi. Chrysler Hemi na Chevrolet ndogo ya V8 hazishikwi mahali pamoja. Sikio lililokatwa huacha kovu lililosagwa kwa grainda, na rangi juu yake haikai sawa na kwingine. Chesisi yenye makovu ya aina mbili imewahi kubeba injini mbili tofauti, maana yake huenda ilipita kwa wamiliki wawili au ilibadilisha daraja la mashindano. Tazama pia mishono: mshono wa MIG (uchomeleaji wa waya unaojilisha wenyewe) kwenye chesisi inayodaiwa kuwa ya 1962 kwa kawaida ni wa ukarabati wa baadaye. Usimkurupukie muuzaji. Muulize ulifanyika wapi.

Picha za zamani ndizo zinazofunga kesi, ila watu wengi huzisoma vibaya. Wanalinganisha rimu, rangi na mdomo wa hewa, vitu vinavyobadilishwa Jumamosi asubuhi. Linganisha vile ambavyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvibadili: mabomba yanapokutana, umbo la bati linalozunguka difu, matundu ya dashibodi, idadi ya skrubu za robo mzunguko zinazoshika bati za ubavuni. Matundu hayo yalitobolewa kwa mkono, na mkono haurudii nafasi zile zile. Tundu la tatu likiwa karibu mno na la nne kwenye picha na kwenye bati lililo mbele yako, hiyo ni alama ya kidole. Lakini bati hufunguka na kuhamishwa: tundu limethibitisha bati, bado chesisi.

Tarehe ya picha nayo ihojiwe. Uwanja wa Orange County International Raceway ulifunguliwa 1967, kwa hiyo picha "ya 1965" yenye bango lake ina kasoro mahali. Lions ilifungwa Desemba 1972. Kwenye magari ya madaraja ya chini, tarakimu ya kwanza ya namba ya NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, mara nyingi huonyesha kanda: 7 ni pwani ya Pasifiki, 1 ni kaskazini mashariki. Hapo unajua pa kuanza kuulizia. Pekua matangazo madogo ya magazeti ya mbio hizi, Drag News na National Dragster, hasa ya miezi msimu ulipokwisha, maana ndipo watu waliuza ili wajenge jipya.

Rangi isomwe kwa subira. Zima taa, laza tochi sambamba na bati: herufi za zamani huacha kingo zilizoinuka hata chini ya rangi tatu. Ukiruhusiwa kukwangua, chagua pembe isiyo na maandishi, upana wa sentimita 2, msasa wa maji namba 400 kisha 600 na tone la sabuni. Kila rangi itajitokeza kama pete. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Dawa ya kung'oa rangi usiiguse, hasa kwenye faiba, kwa sababu inakula hadi gundi yenyewe.

Pete hizo ndizo zinazowaumbua wanaoghushi magari ya mashindano yaliyotoka kiwandani. Dodge Dart ya Hemi ya 1968, iliyokamilishwa na kampuni ya Hurst, ina namba ya gari inayoanza na LO23M8B. Iliuzwa ikiwa na praima tu, boneti na madigadi ya mbele ya faiba, vioo vyembamba vya milango vinavyopandishwa kwa mkanda. Ukikwangua bodi ukakuta rangi ya kiwanda chini ya rangi ya mashindano, shuku kwamba ni Dart ya kawaida iliyovalishwa. Camaro ZL1 ya 1969 ni ngumu zaidi: zilitengenezwa 69 tu, na namba ya gari haitaji injini hiyo, kwa hiyo bila karatasi za wakati ule umebaki na maneno ya muuzaji.

Kwa watu, rudi nyuma hatua moja moja kutoka kwa mmiliki wa sasa. Usiruke kwenda kwa dereva maarufu. Usimwonyeshe mzee picha kabla hajasimulia, kwani kumbukumbu hufuata picha. Muulize gari liligonga wapi, betri ilikaa wapi, chini ya kiti kulikuwa na rangi gani. Majibu yakikuta kovu ulilolipima, umepata kiungo. Mtafute na fundi aliyechomelea na mchora maandishi: wao hukumbuka kazi ya mikono yao kuliko mwenye gari anavyokumbuka tarehe. Kila jina liandikie ushahidi wake: karatasi, picha, au mdomo. Penye pengo andika pengo.

Ikitokea gari la pili linadai historia ile ile, usianze kupigana. Mara nyingi chesisi ilikatwa vipande viwili, au bodi iliuzwa mbali na fremu. Omba vipimo vya viungo vyake kutoka ekseli ya nyuma, uviweke pembeni ya vyako, na malipo yasubiri hadi hapo.