Mkono Wako Haujui Kilichomo Kwenye Chupa

Wiki hii umeingia ujumbe wa msomaji unaouma. Mama yake ana kisukari na anatumia metformin, dawa ya kushusha sukari. Walikwenda kwenye semina ya virutubisho, mama akasimamishwa mbele ya watu, akaambiwa anyooshe mkono wa kulia usawa wa bega. Mkono wa kushoto akapewa kifuko cha sukari, ule wa kulia ukasukumwa, ukashuka. Akapewa chupa ya vidonge vinavyouzwa palepale, mkono ukasukumwa tena, ukagoma. "Umeona? Mwili umejibu." Tangu siku hiyo mama hali kitu bila kukishika kwanza kifuani na kuangalia kama mwili unayumba mbele au nyuma. Metformin iko kabatini, kwa sababu mwili "uliikataa". Binti anauliza: je, mwili unaweza kweli kutuambia kinachotufaa? Anauliza pia kuhusu maziwa, ambayo nayo mkono wa mama "uliyakataa".

Dada, metformin irudi mezani leo, na kama mama ameshakaa siku kadhaa bila dawa, apelekwe kliniki yake akapimwe. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni kwamba ndiyo, mwili hujibu, tena kila mlo. Tatizo ni kwamba jibu halikai kwenye bega.

Kipimo hiki cha kusukuma mkono kilianza Marekani. Mwaka 1964 George Goodheart, mtabibu wa uti wa mgongo huko Michigan, alianza kufundisha kwamba nguvu ya msuli hueleza hali ya viungo vya ndani. Wafuasi wakaongeza habari ya kushika chakula au dawa. Kilipojaribiwa kwa namna ambayo anayesukuma na anayesukumwa wote hawajui kilichoshikwa, majibu hayakuzidi ya kurusha sarafu. Na sababu zinaonekana kwa macho. Anayesukuma kwenye kifundo cha mkono ana wenzo mrefu; akisogeza vidole kuelekea kiwiko, nguvu ile ile haitoshi kuushusha. Akisukuma ghafla, msuli haujajiandaa. Akisukuma polepole, au mara ya pili, msuli umeshajua kinachokuja. Hayo yote yanaweza kutokea bila yeye mwenyewe kukusudia kudanganya. Kuyumba nako ni hivyo hivyo. Hakuna binadamu anayesimama tuli kabisa, na daktari Mwingereza William Carpenter alieleza tangu 1852 kwamba wazo peke yake linaweza kusogeza misuli bila mtu kutaka. Mama anaamini sukari ni mbaya, kwa hiyo anayumba nyuma. Ni imani yake inayojibu.

Kama maneno hayatoshi nyumbani, fanyeni jaribio. Tafuta mifuko miwili ya kaki inayofanana, mmoja weka kile kirutubisho, mwingine chumvi au mchele wa uzito ule ule. Mtu wa tatu arushe sarafu chumba cha pili, alete mfuko mmoja tu kimya kimya kisha atoke. Mama asukumwe mkono, jibu liandikwe, mara 10. Kubahatisha peke yake huleta takriban 5 sahihi. Kupata 9 au 10 kwa bahati hutokea kama mara 1 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Msihesabu njiani, wala msirudie raundi iliyokwenda vibaya, maana hapo ndipo watu hujidanganya.

Sasa kipimo kinachofaa. Kwa mwenye kisukari, au aliyeambiwa sukari yake iko ukingoni, ni mashine ndogo ya kupimia sukari, ile inayouzwa duka la dawa. Kabla hujainunua, uliza bei ya stripu zake, vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu, na kama zinapatikana mtaani kwako mwaka mzima. Mashine unainunua mara moja, stripu utazinunua daima, na za mashine moja haziingii kwenye nyingine. Zikae kwenye kichupa chake, kifuniko kikibanwa mara tu unapotoa moja. Unyevu na joto huziharibu, kwa hiyo si dirishani, si jikoni, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua, kwa sababu stripu nyingi zina muda wa miezi michache tu baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapwa iko mbali.

Kutoboa kidole ndiko kunakoharibu majibu ya watu wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Nawa mikono kwa sabuni na maji, vuguvugu kama yapo, halafu kausha kabisa. Mtu aliyetoka kumenya embe au chungwa bila kunawa anaweza kusoma namba ya kutisha ambayo ni sukari ya tunda iliyo kwenye ngozi, si ya damu, na kupangusa kwa spiriti hakuiondoi yote. Kidole kilicholowa nacho huongeza maji kwenye tone na kushusha namba. Ninginiza mkono chini kwa nusu dakika, toboa pembeni ya ncha ya kidole cha kati, cha pete au cha mwisho. Katikati ya ncha ndiko kwenye hisia nyingi, utaumia bure. Kamua taratibu kuanzia chini ya kidole kwenda juu. Ukibana ncha kwa nguvu, majimaji ya nyama huchanganyika na damu. Tone likishakuwa kama kichwa cha pini, gusisha tu ukingo wa stripu, litavutwa lenyewe ndani. Usilipake juu. Damu ikiwa kidogo, usiongezee tone la pili isipokuwa maelezo ya mashine yanaruhusu. Tupa, chukua stripu nyingine. Kisindano ni cha mtu mmoja, na ile kalamu ya kutobolea pia ni ya mtu mmoja, hata kati ya mume na mke. Homa ya ini B na VVU havijui undugu.

Namba zetu kwa kawaida ziko kwa milimoli kwa lita. Mashine ikikuonyesha 126 au 180, iko kwenye miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18. Asubuhi kabla ya kula, asiye na kisukari huwa takriban 3.9 hadi 5.5. Kuanzia 7.0 ndio kiwango cha kisukari, lakini ugonjwa hauthibitishwi kwa mashine ya nyumbani, nenda maabara. Kwa watu wazima wengi wanaotibiwa, lengo la kawaida ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Mjamzito ana malengo makali zaidi, na mzee dhaifu huwekewa yaliyolegea, kwa hiyo lengo la mama lithibitishwe na daktari wake.

Kupima chakula ni hivi. Chagua mlo mmoja tu anaoula mara nyingi, tuseme ugali wa mchana na maharage. Pima kabla ya tonge la kwanza. Tazama saa. Pima tena saa mbili baada ya tonge hilo la kwanza, si baada ya kunawa mikono mwishoni. Ikiwa ilikuwa 6.2 ikawa 10.8, imepanda 4.6. Ugali huo upimwe kwa bakuli lile lile kila siku, maana "kidogo" cha leo si "kidogo" cha kesho. Rudia siku tatu. Kisha badilisha kitu kimoja: ugali nusu ya bakuli, mchicha mara mbili. Siku tatu nyingine. Ukibadilisha ugali, ukaacha na soda, ukaanza na kutembea ndani ya siku moja, sukari inaweza kushuka na usijue nani wa kushukuru.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu mashine zenyewe zinapepesuka. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinazitaka zisipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 katika majibu 95 kati ya 100, pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Maana yake, namba 10.0 kwenye kioo inaweza kuwa 8.7 au 11.8 ndani ya damu. Mtu anayesema "wali umenipandisha hadi 9.1 lakini chapati hadi 9.6, kwa hiyo nakula wali" hajapima chakula, amepima mtetemo wa mashine. Tofauti iliyo chini ya moja na nusu hivi, iliyoonekana mara moja, iache ipite. Na mwili nao hubadilika: usiku wa kukosa usingizi, malaria, kidonda kilichooza, dawa za steroidi, vyote vinaweza kupandisha sukari bila chakula kuhusika. Asubuhi hata aliyelala bila kula anaweza kuamka na namba ya juu, kwa sababu ini humwaga sukari alfajiri. Upungufu mkubwa wa damu hufanya mashine nyingi zisome juu kuliko ukweli. Mwenye selimundu asitegemee kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) bila kumwambia daktari hali yake.

Utakachokuta huwa kinashangaza watu. Dona ni bora kwa nyuzinyuzi, lakini ni wanga vilevile, na sahani iliyojaa dona hupandisha. Uji wa "lishe" wa nafaka sita uliosagwa laini unaweza kupandisha haraka kuliko kiporo cha maharage na kiazi. Asali ni sukari. Juisi ya matunda bila sukari ni sukari. Kinachosaidia mara nyingi si kufuta chakula, ni mpangilio: mboga na maharage, samaki au dagaa vitangulie, wanga umalizie, na baada ya kula, mwendo wa dakika 10 hadi 15, hata kuzunguka nyumba. Jaribu mlo ule ule bila kutembea na kwa kutembea, uone kwenye daftari. Watu pia hawafanani. Mwaka 2015 Taasisi ya Weizmann ya Israeli iliwafuatilia watu wapatao 800 kwa vihisi vya sukari kwa wiki nzima, na chakula kile kile kikawapandisha watu mbalimbali kwa viwango tofauti sana. Kwa hiyo orodha ya jirani usiibebe nzima nzima.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, majaribio yamekwisha. Mpe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Metformin peke yake ni nadra kushusha hivyo. Dawa nyingine za kisukari, kama glibenklamaidi na insulini, zinashusha, na anayezitumia asipunguze wanga ghafla kwa sababu ya daftari bila dozi kuangaliwa. Kwa wanaofunga Ramadhani, wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakubatilishi swaumu, na mwongozo wa kitabibu ni kufungua ikifika chini ya 3.9 au ikizidi 16.6. Pimeni, ndugu zangu. Kuna watu wanaogopa tone la damu kuliko wanavyoogopa kuanguka.

Umeuliza pia kuhusu maziwa, kwamba mkono wa mama "uliyakataa". Hapo mashine ya sukari haijibu vizuri, lakini tumbo linajibu. Aache maziwa yote wiki mbili, pamoja na chai ya maziwa, huku akiandika gesi, tumbo kuuma na kuharisha. Kisha anywe glasi moja ya mililita 250, yenye takriban gramu 12 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, na aangalie saa chache zinazofuata. Dalili zikirudi, ajaribu siku nyingine nusu glasi pamoja na chakula, halafu mtindi. Wengi wanaoshindwa maziwa freshi huuweza mtindi, kwa sababu bakteria wamekwishakula sehemu ya laktosi. Lakini mtu ambaye chakula kimewahi kumvimbisha midomo, kumtoa vipele mwili mzima au kumbana pumzi asijijaribu nyumbani hata kwa kijiko. Hiyo ni mzio, na inaua.

Na presha, kwa kuwa mama ana kisukari: akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda usifungwe juu ya nguo, na uwe wa saizi ya mkono wake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu. Vipimo viwili vya kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Za siku ya kwanza ziachwe, nyingine zitafutiwe wastani. Ukifika 135/85 nyumbani, ni presha ya kupeleka kwa daktari.

Daftari liwe na safu tano: tarehe na saa, chakula na kipimo cha bakuli, sukari kabla, sukari baada, na safu pana ya "mengineyo" ya usingizi, homa, dawa zilizosahaulika. Ukurasa wa kwanza wa mama uandikwe siku aliyorudia metformin, na siku ya kliniki alibebe pamoja na ile chupa ya semina, ili daktari asome kilichomo.