Zabuni yetu imeangushwa: jaji ataisahihisha upya?

*Kaunti ilitupa alama 68 katika tathmini ya kiufundi, na kiwango cha kupita kilikuwa 70. Mhandisi wetu ameonewa. Mahakama Kuu itatuongezea hizo mbili? (Mwanakandarasi, Nakuru)*

Haiwaongezei. Jaji hasahihishi zabuni. Anaangalia kama kamati ya tathmini ilifuata vigezo vya hati ya zabuni, maana kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 hakiruhusu vingine. Kwa hivyo acheni kumsifu mhandisi, fungueni hati. Kama ilisema tajriba ya miaka mitano ni alama 10, naye ana saba mkapewa 6, hapo mna hoja. Lakini kama ilisema tu "hadi alama 10 kwa ubora wa mpango kazi", mna kibarua: hayo ni maoni ya wataalamu, na mahakama huyaachia hivyo yasipokuwa ya ajabu kupindukia.

Tena msianzie kwa jaji. Anzeni PPARB, bodi inayosikiliza malalamishi ya zabuni. Yenyewe inaweza kufuta uamuzi na kuagiza tathmini irudiwe.

*Tulienguliwa kwa sababu kurasa chache, zile za picha za mitambo, hazikuwa na nambari. Huu si uonevu? (Kisumu)*

Inauma, najua. Ila kifungu cha 74 cha Sheria hiyo hiyo chenyewe kinataka mwaliko wa zabuni udai nambari kwenye kurasa. Wengi hukimbilia kifungu cha 79, kinachosamehe kasoro ndogo; kama sharti hilo liliorodheshwa miongoni mwa yale ya lazima, naona wanajipa moyo bure. Swali lenye nguvu ni kama mshindi alipimwa kwa sharti hilo hilo. Zabuni yake hamtaoneshwa, ni siri, ila muhtasari wa tathmini mnaweza kuuomba.

*Tuna siku ngapi?*

Kwenda PPARB, 14 tangu mpokee barua ya matokeo. Bodi huamua ndani ya siku 21. Asiyeridhika ana 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina 45 za kuamua. Kisha saba za kukata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ina 45 zake. Hazinyumbuliki: mwaka 2021, katika kesi ya Aprim Consultants na Tume ya Huduma za Bunge, Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa baada ya siku hizo ni batili. Jaji akichelewa, anayeumia ni nyinyi.

*Wakitia saini mkataba kabla hatujafika huko?*

Hawaruhusiwi kutia saini kabla ya siku 14 kupita tangu matokeo yatangazwe kwa wazabuni. Malalamishi yenu yakiwasilishwa na Bodi ikaijulisha kaunti, shughuli zote husimama. Mkikaa mpaka mkataba utiwe saini kihalali, Bodi haina tena uwezo wa kuugusa.