Ganzi na masikio kuvuma baada ya kemo ya kansa ya korodani

Dada pole sana wewe na shemeji. Umeuliza kama ganzi ya nyayo na masikio kuvuma miaka miwili baada ya kumaliza kemo ndo kansa inarudi. Mimi nilitolewa korodani moja nikiwa kijana nikapigwa kemo ya BEP, yani bleomisini, etoposidi na sisplatini, na hayo anayopitia mumeo ninayo mpaka leo. Mara nyingi sio kansa, ni sisplatini. Ile dawa ina platinamu ndani yake, na imeshakutwa kwenye damu za watu hata miaka 20 baada ya matibabu, inaumiza neva za miguu na vile vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, na vikifa haviotagi tena. Zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba, kwahiyo ukimwita toka jikoni asiitike usidhani anakudharau, ongea nae mkiwa mnatazamana na apelekwe kwa wa masikio akapimwe.

Vidole kuwa vyeupe kwenye baridi mara nyingi ni bleomisini. Mimi niko Njombe, mwezi wa sita na wa saba bila glavu sitoki, na sigara asiguse kabisa.

Ila kinachoniuma ni watu wanaambiwa umepona nenda nyumbani, basi. Hizi dawa zinaongeza hatari ya magonjwa ya moyo huko mbele, kwahiyo kila mwaka apime presha, sukari, mafuta kwenye damu na figo. Akiwa mchovu tu muda wote, hamu ya tendo imeisha, mwombe daktari kipimo cha testosteroni, usikubali waseme ni mawazo. Mtoto bado inawezekana, mbegu huwa zinarudi kwa wengi, zipimwe.

Na hili naomba ulishike, akienda operesheni yoyote hata ya ngiri, hata miaka kumi ijayo, kabla ya nusu kaputi mwambieni mtu wa usingizi kwamba alishapewa bleomisini, maana oksijeni nyingi inaweza kumharibu mapafu.

Kliniki ya kansa asiache, damu ya AFP na hCG, vile vitu vinavyoweza kupanda kwenye damu kansa ikirudi, aendelee kupima, na korodani iliyobaki ajipapase mwenyewe kila mwezi, akikuta kivimbe aende siku hiyohiyo.

Kadi yake ya kemo mnayo bado? Angalia imeandikwa sisplatini dozi ngapi uniambie.