Mtoto anayejigonga mlangoni si mzembe

Mtoto wa miaka minne anapita mlangoni, bega linagonga fremu. Anakaa kwenye stuli, nusu ya makalio inabaki nje. Akishika penseli anaikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Ukimwambia apunguze nguvu, mstari hauonekani kabisa. Nyumbani ataitwa mzembe, shuleni mtundu. Mara nyingi shida ni kwamba mwili wake bado haumwambii vizuri mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani.

Ndani ya misuli kuna nyuzi ndogo zinazopima msuli umevutika kiasi gani, na kwenye kano kuna vipokezi vinavyopima nguvu inayovuta. Hivyo ndivyo vinavyokuwezesha kupeleka tonge mdomoni umeme ukikatika. Sikio la ndani nalo lina mirija mitatu yenye majimaji inayotambua kichwa kikizunguka, na vifuko viwili vinavyotambua kuinama na kwenda mbele au juu. Mtoto huzaliwa na vifaa hivi vyote. Kinachochukua miaka ni ubongo kujifunza kuvisoma, na kwa muda huo macho ndiyo huaminiwa zaidi. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto walioanza kutembea kwenye chumba ambacho kuta zake husogea huku sakafu imetulia. Kuta ziliposogea, watoto waliyumba, wengine wakaanguka, ingawa hakuna aliyewagusa.

Kazi ya kuufundisha ubongo inaanzia chini, kwenye mkeka. Mlaze mtoto kifudifudi akiwa macho tangu siku za kwanza, dakika moja au mbili kila mara, kwanza kifuani kwako kisha chini. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi, kwa mtoto ambaye hajaanza kujongea mwenyewe. Akilia mapema, viringisha kanga, ipitishe chini ya kifua, mikono itokeze mbele na viwiko viwe chini ya mabega. Uzito unaoshuka kwenye viwiko ndio somo lenyewe. Wengi hukosea kwa kumlaza mara tu baada ya kunyonya, akacheua, wakasema hapendi. Au kumlaza kwenye godoro laini linalobonyea, hapati cha kusukumia. Akisinzia, mgeuze chali. Hilo halina mjadala.

Kile kigari cha magurudumu anachoning'inizwa mtoto ili "awahi kutembea" hatukipendi hata kidogo. Anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, wala hajifunzi kuanguka. Hakimwahishi kutembea, na kinamfikisha haraka kwenye ngazi na jiko la mkaa. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Mgongoni kwa mama, kwenye mbeleko, ni kwingine kabisa: kila mama anapoinama kufagia, kichwa cha mtoto kinajisawazisha.

Kuanzia miaka miwili hivi, dawa ni uzito na ukinzani. Mpe kidumu cha lita moja apeleke maji jikoni. Kipimo chetu ni mzigo usiozidi sehemu ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 14 lita moja inamtosha. Mpe donge la unga wa chapati alikande kwa viganja, asukume ndoo ya nguo sakafuni, akamue kitambaa. Kisha amimine maji toka jagi hadi kikombe. Mwanzoni atamwaga, kwa sababu jagi linapungua uzito kadiri anavyomimina na mkono haujapata habari. Fanyeni uani, jagi likiwa nusu. Siku chache baadaye utaona kifundo cha mkono kinaanza kupunguza mwinamo chenyewe kabla kikombe hakijajaa.

Miguu iwe pekupeku palipo salama. Kwa kuzunguka, mizunguko kumi ya polepole, tulia, kisha upande wa pili. Akipauka au kutoka jasho, acha. Kwa wakubwa kidogo, mfunge macho kwa kanga, mnyooshe mkono mmoja, mwambie aweke wa pili vivyo hivyo. Ukuti ukuti na kuruka kamba hufanya kazi hiyohiyo bila mtu kuiita mazoezi.

Usimnyanyue wala kumbembeza kwa kumvuta mkono. Chini ya miaka mitano, mfupa wa kiwiko huchomoka kirahisi kwenye mkanda wa nyama unaoushikilia. Mtoto huacha mkono ukining'inia na kukataa kuutumia. Usimvute mwenyewe, mpeleke hospitali.

Peleka kliniki pia mtoto ambaye hajakaa bila kushikwa kwa miezi 9, hajatembea kwa miezi 18, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au aliyepoteza alichokwisha kukiweza. Kutotambaa pekee si ugonjwa. Wapo wanaopita moja kwa moja hadi kusimama.