Plaiwudi ya boti imevimba kingoni: nitie faiba nyingine?

SWALI: Fundi, nimeunda boti ndogo ya kuvulia hapa Tanga kwa plaiwudi ya milimita 9. Nje nimeifunika kwa faiba, ndani nimepaka rangi tu. Mwaka haujaisha, ubao wa chini umevimba kingoni na faiba inabanduka. Nitie tabaka la pili juu yake?

JIBU: Usitie. Ubao umeshakunywa maji, na ukiyafungia humo utaoza upesi zaidi.

Wengi hudhani kitambaa cha faiba ndicho kinachozuia maji. Kazi yake ni kuongeza nguvu na kustahimili msuguano wa mchanga na mawe. Kinachozuia maji ni resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, nayo lazima ifike pande zote: nje, ndani, kingoni, hata ndani ya matundu ya skrubu. Kwako maji yamekaa ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, yakapenyea ndani kulikopakwa rangi tu. Tena kama resini yako ni ile yenye harufu kali inayotiwa hadena (dawa ya kuigandisha) kidogo sana, hiyo ni poliesta. Haishiki mbao vizuri. Tafuta epoksi, resini ya aina nyingine inayoshika mbao.

Bandua faiba iliyoachia. Plaiwudi iliyoachana matabaka haiponi. Ikate hadi ufike penye uzima, uunge kipande kipya. Inayobaki ioshe chumvi kwa maji ya bomba, kisha ikauke kivulini, na hapa usiwe na haraka. Jioni bandika karatasi ya nailoni kwenye ubao, uzibe kingo zake kwa utepe. Asubuhi ukikuta umande ndani yake, bado.

Kingo ndizo zenye kiu kuliko kwingine kote. Zipake epoksi, irudie kila inaponywewa, mpaka mng'ao ubaki. Matundu ya skrubu yapanue, yajaze epoksi iliyokolezwa unga laini wa mbao, ikiganda utoboe upya katikati.

Paka alasiri, ubao unapoanza kupoa. Ukipaka asubuhi, jua likipanda hewa iliyomo hutoka na kuacha mapovu. Vipimo vya hadena fuata vya kopo lenyewe. Kuzidisha hakuharakishi, kunaharibu. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana, maana ikirundikana ndooni huchemka hadi kutoa moshi.

Kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinakutosha. Kikilowa sawasawa huwa kama kioo. Penye weupe pana njaa ya resini. Ikikauka, osha kwa maji ule utando wa kuteleza kabla ya kupiga msasa. Halafu paka rangi, kwa sababu epoksi tupu huliwa na jua.