Wasomaji Wanauliza: Disketi zenye kuvu na vitabu vya kompyuta za zamani

SWALI: Marehemu babu alikuwa karani wa shamba la mkonge. Ameacha kasha la disketi 40 za inchi 5.25, zile laini zinazopindika, na kumi hivi zina madoa meupe. Nimenunua draivu ya USB lakini haziingii. Nifanyeje? *Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Ni heri hazikuingia. Draivu uliyonunua ni ya disketi za inchi 3.5 tu, na madoa hayo ni kuvu. Kichwa cha draivu ya disketi hugusa uso wa disketi inapozunguka, hivyo kuvu hukwaruza ile rangi ya kahawia iliyobeba data, kisha uchafu hubaki kichwani na kuharibu disketi inayofuata. Disketi moja chafu inaweza kukuharibia kasha zima.

Kwanza ziba kwa utepe kile kijikato cha ubavuni, disketi isiweze kuandikwa. Kisha mulika tochi kwenye tundu la kusomea huku ukizungusha disketi kwa kidole katikati, pande zote mbili. Zisizo na doa zitenge, uanze kuzisoma hizo.

Zenye kuvu zinataka alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya rangi ya zambarau usiitumie, huacha rangi na mabaki. Chana ukingo mmoja wa ganda kwa wembe, toa sahani ukiwa umevaa glavu, na weka alama ya kalamu kwenye pete ya katikati kuonyesha upande wa lebo. Ukiigeuza, data haitasomeka ipasavyo. Futa taratibu kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, wala usiipeleke juani, kisha itie kwenye ganda safi la disketi isiyo na kazi. Ganda la zamani litupe, kwa kuwa bitana yake ya ndani imeshabeba kuvu.

Kusoma kunahitaji draivu halisi ya inchi 5.25, umeme wa volti 12 na volti 5, waya bapa wa nyuzi 34, na kibao cha Greaseweazle kinachoiunganisha na kompyuta ya leo kwa USB. Draivu ya MB 1.2 husoma pia disketi za KB 360. Kuziandika ndiko hatari, maana kichwa chake ni chembamba, na kile inachoandika huenda draivu ya zamani isikisome.

Anza na nakala ghafi ya ishara za sumaku zenyewe, kwa kuandika amri hii ya programu ya Greaseweazle:

gw read --revs=5 mkonge01.scp

Nakala ya mafaili utaitengeneza baadaye kutokana na hiyo, bila kuigusa disketi tena. Ya KB 360 hutoka na baiti 368,640 kamili. Lakini ukubwa sahihi peke yake hauthibitishi kitu: sekta (vipande vya data) zilizoshindikana kusomwa huweza kujazwa vitu tupu, kwa hiyo soma ripoti inayotolewa na programu. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simamisha mara moja. Safisha kichwa kwa alkoholi hiyo hiyo kila baada ya disketi yenye mashaka, na ukijifunza, jifunzie kwenye disketi isiyo na thamani.

SWALI: Vitabu vya maelekezo vimepata kutu kwenye pini. Nivitupe nikishaokoa programu? *Msomaji, Raskazone*

JIBU: Tafadhali usivitupe. Programu bila kitabu ni mlango usio na ufunguo. Nani leo atabahatisha kwamba WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, huhifadhi na kufunga faili kwa kubonyeza Ctrl na K, kisha D?

Toa pini kwa kuzinyanyua kwa kisu chembamba, usizivute. Skani maandishi kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) na michoro ya saketi kwa dpi 600, uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili la picha. Usiruke jalada, ukurasa wa toleo, kadi ya vitufe, wala maandishi ya penseli pembeni. Huko ndiko fundi aliandika marekebisho ambayo kitabu hakina. Kurasa zenye mng'ao zilizogandana usizilazimishe.

SWALI: Nikishanakili kwenye flashi inatosha? *Msomaji, Makorora*

JIBU: Haitoshi. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba yako. Andika alama ya sha256 ya kila faili, yaani namba ndefu ambayo hubadilika faili likiharibika, na uihakiki kila mwaka. Programu na vitabu unaweza kuvichangia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ikiwa haki zinaruhusu, lakini orodha za mishahara ya watu zibaki kwako. Disketi zenyewe zisimamishe wima kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika, mbali na spika. Vipakiti vibadilishe kabla ya masika.